Sehemu ya Baba Isiyozikwa

Leipzig, 17 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umepata nguvu ya kuketi na kula japo kidogo. Mimi mwili mzima, wala sitasema zaidi ya hapo maana utajua nakudanganya. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu tangu msiba utokee tukipigiana tunalia tu, wewe huko na mimi huku, mpaka salio linakwisha hatujasema kitu. Dada Pola ameniahidi ukijibu ataipiga picha barua yako na kunitumia.

Sikumzika baba. Pola alinishikia simu dirishani nikasikia wanaume wakiinua jeneza na kutaja jina la Mungu, nikasikia viatu vyao mchangani, kisha sauti zikapungua, kisha nikabaki nasikia kuku. Nilipokuwa bado natafuta tiketi, alikuwa ameshazikwa. Siwalaumu. Maiti ya Muislamu haingoji ndege.

Lakini nina neno la kukufariji, mama. Unaikumbuka ile tezi ya shingoni aliyokatwa Mombasa mwaka juzi? Haikutupwa. Baba na daktari wake walikubaliana kipande kiletwe huku, kwenye maabara ninayofanya kazi, kitusaidie kuutafiti ugonjwa wake. Seli zake tuliziweka katika chupa bapa ya plastiki, tukazipa chakula chao, maji fulani mekundu-mekundu, nazo zikashika. Ziko hai mpaka leo. Zinazaana. Kila asubuhi nafungua kabati la joto, naitoa chupa, naziangalia kwa darubini. Na kwa kuwa baba alizoea kuniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mamake, basi mimi nami humwambia, “Mwanangu, umeamkaje?” Wenzangu hapa hawajui Kiswahili. Wanadhani naimba.

Kwa hiyo usilie sana. Baba hajaisha. Kuna pahali angali yupo, na mimi ndiye ninayemtunza.

Mwanao akupendaye,
Kahonzi

*

Mambrui, 26 Februari 2025

Mwanangu Kahonzi,

Marahaba, Mungu akukuze. Mimi sijambo ila magoti, na hayo ni ya zamani, hayakuanza na msiba. Pola na wanawe wazima. Ami yako Fondo alikuja kutoka Marafa na gunia la mahindi begani, akalia kuliko sisi wanawake, ikabidi wafiwa ndio tumnyamazishe mgeni.

Mimi sasa ni kizuka. Nimekaa chumba cha nyuma, bila wanja wala marashi, sitoki mpaka eda iishe. Watu wananiletea sukari, unga na habari za mtaa ambazo sikuziuliza. Nilikuwa naanza kuzoea.

Ndipo ikaja barua yako. Pola alinisomea mara moja, nikamnyang’anya simu nikaisoma mwenyewe. Mwanangu, hii ni pole ya namna gani? Mimi nilimfumba macho baba yako kwa vidole vyangu. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa. Ami yako na wenzake wakamwosha, wakamkafini, wakamsalia, wakamzika. Leo waniambia kuna kipande chake huko Ulaya kinakula na kuzaana. Basi mimi ni mjane au si mjane? Eda hii namkalia nani?

Usicheke. Najua utacheka kwanza kisha unihurumie, ndiyo tabia yenu mliosoma.

Na jambo jingine limeniuma zaidi. Baba yako hakuniambia. Nilimuuliza siku tuliyorudi kutoka Mombasa, tezi iko wapi tuizike, kwa maana hata kucha zake alikuwa akizifukia. Akanijibu, “Imekwenda zake.” Thoya huyo! Miaka yote akiezeka makuti kwenye mahoteli ya Watamu, na ukimuuliza paa lako mwenyewe linavuja wapi, atakuambia mvua ni neema. Nikadhani imetupwa pamoja na uchafu wa hospitali, nikanyamaza na uchungu wangu.

Nieleze kwa Kiswahili ninachokijua mimi. Nyama yote ikikaa huoza. Hicho kimeponea wapi, kwa nini hakifi? Mimi nimemtuma Pola kwa ustadh aniulizie habari ya eda.

Mamako

*

Leipzig, 9 Machi 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku bado ni baridi na siku ni fupi, saumu nyepesi. Nafuturu kwa tende na supu ya kopo, na ladha yake nakusitiri usiijue.

Sikucheka, mama. Niliona aibu. Nilitaka kukufariji nikakutia mashaka. Sasa ngoja nikueleze, nitajaribu kusema polepole kama ulivyokuwa ukinifundisha kusuka nywele.

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, ndogo mno, hazionekani kwa macho, wala hazina idadi unayoweza kuitamka. Na kila seli imeumbwa inajua kufa. Hilo ndilo nililokuja kulisomea huku. Mtoto akiwa tumboni, vidole vyake vimeshikana kwa ngozi kama mguu wa bata. Seli za katikati hujiondoa, ndipo vidole vikaachana. Seli ikizeeka au ikiharibika, nayo huondoka, na huondoka kwa adabu: hunywea, hujigawa vipande vidogo, na seli jirani huvila vipande hivyo. Hapabaki uvundo wala uvimbe. Hivi sasa unaposoma, ndani yako zinaondoka nyingi na wala husikii kitu.

Utauliza nani anaamua. Ndani ya seli mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Humo ndimo chakula kinamogeuzwa kuwa nguvu, kama jiko la nyumba. Jikoni humo mnakaa protini moja ambayo ikiwa ndani ya ukuta ni mfanyakazi mwema tu, inasaidia kuleta nguvu. Ikitoka nje ya ukuta, kutoka kwake ndiyo amri ya kifo. Sasa kwenye ukuta wenyewe zimo protini nyingine za namna mbili. Ziko zenye kazi ya kuutoboa, na wako walinzi wanaozishika zile zisitoboe. Seli ikiwa nzima, walinzi hushinda. Ikiharibika, hutumwa wajumbe kuwashughulisha walinzi, ukuta ukatobolewa, amri ikatoka, seli ikafunga safari yake.

Seli za baba zilikuwa na walinzi kupita kiasi. Wajumbe walikuja wakashindwa. Seli iliyotakiwa iondoke ikabaki, ikazaa nyingine kama yenyewe, zikajaa shingoni, zikajaa kwapani, zikajaa tumboni. Huo ndio ugonjwa uliomuua, mama. Kile kilichomuua kilikuwa kimekataa kufa, na ndiyo sababu kimeweza kuishi ndani ya chupa.

Dawa ipo inayowakamata walinzi, ukuta ukaweza kutobolewa. Wengine inawaponya, wengine inashindwa, na sisi tunatafuta kwa nini. Kwa baba ilifika imechelewa, figo zimeshachoka. Lakini seli zake zimetufundisha jambo, na huenda likamfaa mtu mwingine.

Kuhusu kukuficha, ni yeye aliyenikataza nisikuambie. Nilimbishia. Akasema, “Mamako atataka izikwe. Nami nataka ifanye kazi kwanza.” Basi nikatii, na ndipo tulipokukosea.

Mwanao,
Kahonzi

*

Mambrui, 4 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Idi imepita salama. Watoto wa Pola walikuja chumbani kwangu na nguo zao mpya wakasimama mlangoni wakaniamkia kwa mbali, nadhani wamesikia mtaani kwamba kizuka hutisha. Nikawaita nikawapa tambi za sukari, wakasahau.

Barua yako nimeisoma mpaka nikaielewa. Nimemweleza na Pola, naye akamweleza mumewe, sasa nasikia mumewe anawaeleza watu barazani kama aliyeigundua yeye. Ile ya vidole vya mtoto ilinipendeza sana. Ile ya baba yako ilinifanya niiweke simu chini.

Ustadh amejibu. Amesema eda yangu ni sahihi, inahesabiwa tangu roho ilipotoka, na roho haikukaa kwenye tezi. Hapo nikapumua. Lakini akasema tena kwamba kinachokatwa kwa mtu nacho kina heshima yake, kama ni mguu kama ni kidole, hufukiwa. Hilo nalijua tangu utotoni, sikuhitaji ustadh.

Sasa sikiliza. Baba yako alikuambia ifanye kazi kwanza. Kwanza, Kahonzi. Mtu akisema kwanza, ana la pili moyoni. Mimi nimeishi naye, najua alivyopanga maneno yake. Alitaka ifanye kazi, kisha izikwe. Nami sitaki kumharibia la kwanza. Nakuuliza tu, mwanangu, na unijibu kweli: hiyo kazi bado haijaisha?

Kama imekwisha, nakuomba umruhusu apumzike. Nakaa humu chumbani namwombea maghufira, kisha nakumbuka kwamba pana kitu chake kinalishwa na kutolewa kabatini kila asubuhi, na dua inanikwama. Ugonjwa ule ndio ulionitolea mume ndani. Sitaki uwe ndio uliobaki wa kumwakilisha duniani.

Mamako

*

Leipzig, 11 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo.

Umeniomba nikujibu kweli. Kazi ya seli za baba imekwisha tangu Januari, yeye angali hai. Profesa wangu aliniambia chupa ile tunaweza kuifunga. Mimi ndiye niliyesema ngoja. Nanunua chakula chao kwa ruhusa ya profesa na nazilisha mwenyewe, baada ya kazi, wala hapana utafiti wowote unaozihitaji.

Sitaifunga.

Wewe ulimfumba macho. Ami Fondo alimwosha. Pola alimpikia uji. Hata watoto wa Pola walimwona akitolewa. Mimi nilipata nini? Nilipata viatu mchangani na kuku. Kaburi lake sijalikanyaga. Mnaniambia amekufa nami naitikia, kwa kuwa nyote mnasema hivyo na hamwezi kuwa waongo nyote. Lakini kila asubuhi kitu chake kiko hapa mbele ya macho yangu, kina joto la mwili wake, na kinaningojea nikilishe. Unaniambia nikiue kwa mkono wangu.

Samahani, mama. Usiniombe tena.

Kahonzi

*

Mambrui, 20 Mei 2025

Mwanangu,

Umzima? Mvua huku imekuwa nyingi, njia ya Pola imekatika kwa maji, anakuja amevua viatu. Nimekutumia salamu mara kadhaa kwa simu yake, zinaonyesha umezisoma, hujajibu.

Sikuulizi habari ya chupa. Nauliza unakula?

Mamako

*

Mambrui, 19 Juni 2025

Mwanangu Kahonzi,

Salaam aleikum. Mimi mzima, na Pola mzima, na nyumba nzima inakuulizia wewe. Najua hujajibu kwa sababu ya hasira na haya, vyote viwili, na ukiwa na vyote viwili unakuwa kama baba yako: kimya cha kuezeka paa zima.

Nimetoka eda. Wanawake walikuja alfajiri wakaniosha, wakanivisha leso mpya, wakanipaka mafuta kwa nguvu kama wananikanda unga, tukacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikamwomba Pola anipeleke hadi nje ya makaburi, nikasimama ukutani nikamwombea. Pameota majani. Mbuzi wa jirani wanajinufaisha.

Niliporudi nikasema leo nitamwandikia Kahonzi jambo ambalo sijamwambia mtu, namna baba yako alivyoondoka.

Asubuhi ile alikuwa ana akili zake timamu. Akaniita, “Mbeyu, nipe radhi zako.” Mimi nikajifanya sikusikia. Nikatengeneza mto. Nikatoka nikaenda kuchochea uji ambao hakuna ambaye angeunywa. Nilijua, mwanangu. Mgonjwa akishaomba radhi akapewa, hana tena kinachomshika. Nikarudi, akaniita mara ya pili, na safari hii akanishika mkono. Nikamtazama, jinsi alivyokuwa amechoka, na nikaona ninayemzuia ni mimi. Nikasema, “Nimekuwia radhi, Thoya, kwa yote, duniani na akhera, nawe niwie.” Akaniwia.

Nikafikiri sasa. Lakini akafungua macho tena akasema, “Na mama?”

Mamake alikufa wewe hujazaliwa. Alikuwa anakutaja wewe. Hakuwahi kukuita jina jingine tangu siku uliyopewa jina la bibi yako, na wewe ulikuwa na siku saba tu unalia, yeye anakuamkia shikamoo. Na mtoto hasafiri bila radhi ya mamake, wajua mwenyewe. Nikamwambia, “Nitakuombea kwake, wewe nenda.” Akaenda. Hata adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa.

Sikumwombea kwako. Uliposema kwenye barua ya kwanza kwamba kila asubuhi unamwita mwanangu, nilitaka kukuandikia, nikashindwa, nikakuandikia habari ya ustadh. Nikakimbilia sheria kwa sababu sheria haitoi machozi. Leo ndiyo nakufikishia alichoniachia nikufikishie.

Neno langu la kuzika nimeliondoa. Aliyezama baharini hana kaburi na watu humsalia, na Mungu anajua alipo. Chupa ni yako. Ukitaka ilee, sitakuuliza tena mpaka nami nife. Lakini radhi anaisubiri. Huwezi kumwambia mtu nenda salama na huku umemshika nguo, mwanangu, mimi nilijaribu pale kitandani na hakwenda. Mengine yote fanya utakavyoona.

Nakuombea kheri, na kula.

Mamako

*

Leipzig, 29 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za maabara, nikaketi palepale, watu wakawa wananipita pembeni.

Nilikaa nayo siku kadhaa. Kisha jana, Jumamosi, hapakuwa na watu wengi, nikamwomba profesa ruhusa nikaingia peke yangu. Nilitawadha, sijui kama ilihitajika. Nikaitoa chupa, nikaiweka chini ya darubini. Vile vijumba vya ndani nilivitia rangi inayong’aa ili nione. Mama, vilikuwa vizuri. Kijani, vimejipanga ndani ya kila seli, na katika kila kimoja ile protini imetulia ndani ya ukuta wake, haina habari.

Nikasema kwa sauti, “Mwanangu Thoya, mimi mamako Kahonzi, nimekuwia radhi. Nami niwie, kwa kuwa sikufika.” Kisha nikatia dawa.

Kwanza hakukutokea kitu. Nisikufiche, nilifurahi. Nilitumaini walinzi watashinda. Niliwaunga mkono, mimi niliyesoma miaka yote hii jinsi ya kuwashinda. Nikangoja, nikangoja, nikaanza kuwaza nitakuandikia kwamba nilijaribu na yeye mwenyewe amekataa.

Kisha moja ikabadilika. Ile rangi iliyokuwa imetulia ndani ikatawanyika, ikaenea seli nzima kama maziwa yakimiminwa kwenye chai, nikajua ukuta umetobolewa na amri imetoka. Seli ikanywea. Ngozi yake ikatoa malengelenge, ikajigawa. Ikafuata ya pembeni yake. Kufikia alasiri zilikuwa zinaondoka moja baada ya nyingine, kwa adabu, vilevile kama nilivyokueleza. Ila kule chupani hapakuwa na jirani wa kuvila vile vipande. Vilielea tu. Hilo sikulifikiria kabla, na ndilo lililonivunja. Nikakaa navyo mpaka ya mwisho.

Sheria yao inataka kila kitu kichemshwe kwa mvuke kabla hakijatoka mlangoni, na kuzika sikuruhusiwa. Nilikubali kwa sababu ya maneno yako ya aliyezama. Nikaenda msikiti mmoja karibu na stesheni, wa Waturuki, nikamwambia imamu baba yangu amefariki, naomba aombewe dua. Akaniuliza lini. Nikamwambia leo.

Asubuhi hii nimekwenda kazini ingawa ni Jumapili, nikafungua kabati la joto kwa mazoea. Pale pake wameshaweka chupa ya mtu mwingine, ina namba nyingine. Nikalifunga. Nikaketi sakafuni nikalia kile kilio mlicholia nyinyi mwezi wa pili, mimi nikiwa nawafariji kwa barua.

Mama, baba amekufa. Nipe pole.

Mwanao,
Kahonzi